Ajayi na Mama Yake: Maisha ya Askofu Samuel Ajayi Crowther



Katika kila mtaa wa makazi yetu yuko mama mwenye mtoto ambaye hajui kama yu hai au amekufa. Hana kaburi la kwenda kupalilia, wala hana barua. Mwenye msiba wa kawaida hulia, huzika, kisha huanua matanga. Lakini mama huyu hawezi kuanua matanga, kwa kuwa hajui kama kuna msiba. Miaka inapita naye yuko katikati.

Safari hii tunawaletea habari za mtoto wa namna hiyo na mama wa namna hiyo. Waliishi Afrika Magharibi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika nchi ambayo leo inaitwa Nigeria. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa askofu katika Kanisa la Anglikana, na wengine wenu mmelisikia jina lake: Samuel Ajayi Crowther. Habari za uaskofu wake zimeandikwa mahali pengi. Sisi tutakaa zaidi na mama yake, jina lake Afala.

SIKU MJI ULIPOANGUKA

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1807 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba. Jina Ajayi hupewa mtoto aliyezaliwa kifudifudi. Siku zile ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa unavunjika, na kila mahali palikuwa na vita. Waliokuwa wakishinda vita hawakutaka ardhi tu, walitaka watu, maana pwani kulikuwa na wanunuzi.

Asubuhi moja ya mwaka 1821, wakati chakula cha asubuhi kinatengenezwa, kelele zilisikika kwamba adui amefika. Baba yake Ajayi alikuja mbio nyumbani, akawaambia wakimbie, kisha akarudi penye mapigano. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Ajayi kumwona baba yake. Mama alitoka na Ajayi, aliyekuwa na miaka kama 13, na dada zake wawili, mmoja bado mtoto mchanga wa kubebwa, pamoja na binamu yao. Mji ulikuwa umezungushiwa kichaka cha miiba ili kuwazuia maadui, na sasa miiba ile ile iliwazuia wenyeji kutoka. Wakakamatwa humo. Walifungwa kamba shingoni, wakaswagwa kama mbuzi, na walipotazama nyuma mji ulikuwa unawaka moto.

Wapo kati yetu wasiohitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Walipofika mahali pa kugawana mateka, familia iligawanywa. Ajayi na dada yake mkubwa walikwenda kwa mtu mmoja, mama na mtoto mchanga wakaenda kwa wengine. Siku hiyo hiyo Ajayi alibadilishwa kwa farasi. Baadaye yule farasi akaonekana hafai, biashara ikavunjwa, na Ajayi akarudishwa. Kwa njia hiyo ya ajabu alipelekwa mji ambako mama yake alikuwa, wakakaa karibu kwa miezi kama mitatu. Kisha siku moja aliitwa ghafla, akafungwa na kuondolewa bila kuagana na mama. Tangu hapo hawakuonana tena kwa muda wa miaka 25.

Aliuzwa tena na tena, mara kwa tumbaku, mara kwa pombe kali. Alipoanza kuhisi kwamba atauzwa kwa Wareno wa pwani, alikata tamaa kabisa. Usiku alijaribu kujiua kwa kujinyonga, lakini moyo wake ukakosa ujasiri wa kumaliza jambo hilo. Yeye mwenyewe alilieleza tukio hili alipokuwa mtu mzima, bila kulificha, na alilitaja kuwa dhambi. Tunaliandika hapa kwa sababu wako vijana wetu waliofikia usiku kama huo, wakadhani kwamba mtu aliyewaza hivyo Mungu hana kazi naye tena. Huyu alikuja kuwa askofu.

BAHARINI

Mwezi wa Aprili mwaka 1822, Ajayi na watumwa wengine 186 walipakiwa katika meli ya Wareno huko Lagos. Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imetajirika kwa biashara hiyo, ilikuwa imeipiga marufuku mwaka 1807, na sasa meli zake za kivita zilizunguka baharini kuzikamata meli za watumwa. Mara baada ya kung'oa nanga, meli ile ilikamatwa na manowari ya Uingereza iliyoitwa Myrmidon, chini ya Kapteni Henry Leeke. Wavulana hawakujua kwamba wameokolewa. Walipopanda manowari waliona vipande vya nyama vimening'inizwa na mizinga ikiwa na risasi zake za mviringo, wakaamini kwamba nyama ile ni ya watu na zile risasi ni vichwa vya wenzao. Walitulia tu walipokaribia na kuona kwato, wakatambua ni nguruwe.

Walishushwa Sierra Leone, mahali Waingereza walipowapeleka watu waliokombolewa. Tunaweza kusema kilikuwa kama kituo kikubwa cha wakimbizi, chenye watu wa makabila mengi sana ambao hawangeweza kurudi kwao, kwa kuwa huko wangekamatwa upya. Walipangwa vijijini, wakapewa walimu na kazi. Ajayi alijifunza useremala. Inasimuliwa kwamba siku yake ya kwanza shuleni aliomba nusu peni kwa mtu wa kwao ili anunue karatasi ya alfabeti iwe yake mwenyewe, na baada ya miezi sita alikuwa akisoma Agano Jipya.

Akaliamini alilolisoma. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akapewa jina Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la mchungaji mmoja wa London aliyekuwa mfadhili wa shirika la wamisionari la CMS. Jina Ajayi hakulitupa. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo cha Fourah Bay, akawa mwalimu, akamwoa Asano, binti aliyekombolewa kutoka utumwani kama yeye na kubatizwa Susan. Wakapata watoto. Mwaka 1841 alikwenda na msafara wa Waingereza kupanda mto Niger. Homa iliwaua Wazungu wengi sana katika msafara ule, na wenye hekima wakatambua kwamba Injili ya Afrika itabebwa na Waafrika. Mwaka 1843 Ajayi aliwekewa mikono London kuwa kasisi.

Jambo moja la mwaka uliofuata tusilipite. Mwezi Januari 1844, huko Freetown, aliongoza ibada kwa lugha ya Kiyoruba. Kanisani walikuwamo watu waliotekwa utotoni kama yeye, waliozoea kumsikia Mungu akiongea Kiingereza. Siku hiyo walisikia Maandiko kwa lugha ambayo mama zao waliwabembelezea. Yeyote aliyewahi kukaa mwaka mzima katika kanisa la lugha ya wenyeji, asielewe nusu ya mahubiri, kisha siku moja akasikia wimbo wa kwao, anajua watu wale walijisikiaje.

CHINI YA MWAMBA

Habari zilikuwa zimefika Sierra Leone kuhusu mji mpya katika nchi ya Wayoruba, jina lake Abeokuta, maana yake chini ya mwamba. Ulianzishwa yapata mwaka 1830 na wakimbizi wa kabila la Egba, ambao miji yao ilikuwa imechomwa katika vita vile vile. Walijificha kwenye mapango ya mwamba mkubwa uitwao Olumo, wakaanza kujenga pembeni yake, na kila kundi lililowasili likauita mtaa wake kwa jina la mji wake uliokufa. (Tazama majina tuliyoyapa mitaa na njia zetu hapa!) Watu waliokombolewa walianza kurudi kutoka Sierra Leone kwenda huko, nao wakaomba waletewe mchungaji.

Crowther alitumwa pamoja na mmisionari Henry Townsend. Walifika pwani, Badagry, mapema mwaka 1845, lakini Sodeke, mkuu wa Abeokuta, akafariki na njia ikafungwa. Walisubiri Badagry kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Hatimaye, katikati ya mwaka 1846, waliingia Abeokuta.

Crowther hakwenda kule kwa ajili ya kumtafuta mama yake. Alikwenda kwa kazi ya Injili. Alikuwa na miaka karibu 40, mwenye mke na watoto, akivaa koti jeusi la kasisi, na Osogun lilikuwa pori. Kwa hesabu ya kibinadamu mama alikuwa amekufa zamani.

Tarehe 21 Agosti 1846, majuma machache tu baada ya kuwasili, mama yake aliletwa kwake na ndugu yake. Alikuwa akiishi kijiji cha karibu pamoja na dada zake Ajayi. Kumbe katika miaka yote ile alikuwa ameachiliwa, akatekwa tena, akauzwa, na hatimaye akakombolewa na watoto wake. Habari kwamba mwanawe yupo mjini zilipomfikia, hakuweza kuamini mpaka aje aone.

Walishikana, wakatazamana kimya kimya. Machozi yalimtiririka mama mashavuni, na mashavu yale yalikuwa yamekonda. Mikono yake ilitetemeka akiwa amemshika mwanawe. Watu wakajaa. Hawakuweza kusema mengi. Walikaa wakitazamana, mara neno moja, mara kimya tena. Kisha mama alianza kumwita kwa majina ya kubembeleza, yale ambayo bibi yake alikuwa akimwita utotoni. Bibi huyo alikuwa amefia utumwani.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Mariamu Magdalene kule bustanini, asubuhi ya Pasaka. Alimwona Yesu kwa macho asimtambue, akadhani ni mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa jina lake. Miaka 25 hubadilisha sura ya mtoto hata mama mzazi akaweza kupishana naye njiani. Kilichobaki ni jina na yule anayelijua. Na imani yetu, ukiichunguza, imesimama juu ya jambo hilo: kwamba yuko anayetujua kwa jina upande wa pili wa kaburi, na kwa kuwa yeye amefufuka, hakuna mtu wetu aliyepotea asikoonekana na Mungu.

Lakini tuseme ukweli wote. Baba hakurudi, alikuwa amekufa vitani. Bibi hakurudi. Osogun halikurudi. Furaha ya siku ile ilikuwa na viti vitupu ndani yake, na Ajayi na mama yake hawakujifanya kwamba havipo.

MAMA ANABATIZWA

Tungetazamia mama apelekwe kubatizwa Jumapili iliyofuata. Haikuwa hivyo, na kwa maoni yetu hapa ndipo upendo wa Ajayi unapoonekana kuliko hata siku ile ya machozi. Afala alikuwa amekua katika dini ya wazee wake. Alikuwa amempata mwana, lakini mwana huyo alikuwa mgeni kwake kwa mambo mengi: jina jipya, mavazi mapya, mkwe na wajukuu asiowajua. Ajayi hakumlazimisha. Mama alikaa, akasikiliza, akaona jinsi nyumba ile inavyoishi, jinsi mwanawe anavyoomba, jinsi anavyowatendea watu. Mambo ya Mungu aliyasikia kwa Kiyoruba, kutoka kinywani mwa mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kusema.

Mwezi Februari 1848, mwaka mmoja na nusu baada ya kukutana, Afala alibatizwa na mwanawe, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kubatizwa Abeokuta. Alipewa jina Hana. Wasomaji wa Biblia wanajua kwa nini: Hana ndiye mama yake Samweli, aliyemwachilia mtoto wake kwa Bwana akiwa mdogo. Tofauti ni kwamba Hana wa Biblia alimpeleka mtoto mwenyewe hekaluni, akajua yuko wapi, na kila mwaka alimpelekea kanzu. Huyu Hana wa Abeokuta alinyang'anywa wake, akaja kumkuta tayari ni mtumishi wa Bwana.

KAZI YAKE KWA UFUPI

Crowther aliongoza tafsiri ya Biblia kwa Kiyoruba. Hakutafsiri akiwa amejifungia ofisini. Alisikiliza wazee, alikwenda misibani, akaandika maneno mazito wanayotumia watu wakati wa huzuni, ili Neno la Mungu lisisikike kama la mgeni. Mwaka 1851 alikutana na Malkia Victoria. Mwaka 1854 alipanda tena mto Niger, na safari hiyo, kwa kutumia dawa ya kwinini, hakufa hata mtu mmoja kwa homa. Mwaka 1857 alianza kazi ya misioni kwenye mto huo, kazi iliyofanywa na Waafrika watupu.

Tarehe 29 Juni 1864 aliwekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury, Uingereza. Ndani ya kanisa alikuwamo mzee mmoja mwanajeshi wa majini: ni yule Leeke aliyeikamata meli ya watumwa miaka 42 kabla. Alikuwamo pia mama wa Kizungu aliyemfundisha Ajayi kusoma huko Sierra Leone.

Mwaka 1867 chifu mmoja kwenye mto Niger, jina lake Abokko, alimkamata askofu na kudai fidia. Akiwa na karibu miaka 60, Ajayi alikuwa mateka tena. Aliokolewa, lakini balozi mdogo wa Uingereza aliyekwenda kumtoa aliuawa kwa mshale. Askofu aliendelea kufanya kazi kwenye mto ule ule kwa miaka mingine zaidi ya 20.

Mama Hana alifariki mwaka 1883, akikaribia miaka mia moja. Kwa miaka 25 alimhesabu mwanawe kuwa amekufa, na kwa miaka 37 alijua kwamba yu hai. Mwanawe naye, Dandeson, alikuwa kasisi na baadaye shemasi mkuu, kwa hiyo bibi aliwaona mwana na mjukuu wakihudumu.

JERAHA LA MWISHO

Tungependa kuishia hapo, ila haitakuwa haki. Crowther aliumizwa na maadui mara nyingi, lakini jeraha la uzeeni lilitoka kwa ndugu wa imani. Townsend, aliyeingia naye Abeokuta bega kwa bega, alipinga Mwafrika kufanywa askofu juu ya wamisionari Wazungu. Na mwaka 1890 wamisionari vijana kutoka Uingereza walifika kwenye mto Niger, wakaanza kuikagua kazi ya mzee, wakawaondoa watumishi wake wengi kazini kwa mashitaka, mengine ya kweli na mengi yasiyo na uzito. Mzee wa miaka zaidi ya 80 alikalishwa kikaoni na vijana wenye umri wa wajukuu zake. Alijiuzulu katika kamati ile. Hakuliacha Kanisa. Alipatwa na kiharusi, akafariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na aliyewekwa mahali pake alikuwa Mzungu.

Kwa hiyo alipata kupatana na mama yake duniani, lakini na wale ndugu hakupata. Alikufa jambo hilo likiwa halijatengenezwa. Mtu angesema kifo kimelifunga, na mlango wa namna hiyo haufunguki.

Tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 kamili tangu alipowekwa wakfu, watu walikusanyika katika kanisa lile lile la Canterbury kwa ibada ya shukrani na toba. Askofu Mkuu Justin Welby alimtaja Samuel Ajayi Crowther kwa jina lake, akaomba radhi kwa jinsi Kanisa lilivyomtendea.